Toleo la Pili au la Tatu? Ubishi wa Vijana Barazani



Wiki hii nilikuwa nimekusudia kuendeleza mazungumzo yetu juu ya matumizi ya nyumbani, lakini jambo lililonikuta usiku wa kuamkia Ijumaa limenilazimisha kuyaweka kando. Nilikwenda Kisauni kumjulia hali dada yangu, kama ilivyo ada yangu kila wiki baada ya Magharibi. Dada yangu huyu ni mjane. Huamka kabla ya alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, na kwa karai hilo amelea watoto watatu. Nilipofika, niliwakuta barazani vijana watatu: mpwa wangu mwenye umri wa miaka 16, na rafiki zake wawili wa mtaa. Walikuwa wakibishana kwa sauti za juu hata hodi yangu hawakuisikia.

"Toleo la pili halina mshindani," alisema mpwa wangu. "Acha wee! La tatu ndilo lililoifanya dunia nzima icheke," akajibu mwenziwe. Yule wa tatu, mdogo wao, akashikilia la nne, kwa kuwa humo, alisema, mtu huruka juu ya majumba kama kipanga.

Nilidhani ni mambo ya mpira, au pengine filamu. Dada yangu alinivuta ndani, akanieleza kwa sauti ya chini. Alipopokea zamu yake ya chama, alimnunulia mwanawe mashine ya kuchezea michezo ya video, iliyokwisha tumika, ili kijana asiwe na sababu ya kutoka usiku. Sasa amegundua kwamba mchezo anaoupenda zaidi ni wa genge la wahalifu. "Kaka," akaniambia, "genge la nje nimelifungia mlango, kumbe la ndani nimelinunulia kiti. Niiuze hii mashine?"

Wasomaji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa ni genge gani la nje alilokuwa akilihofia. Ni miaka sasa tunasikia habari za vijana wadogo, wengine wangali na umri wa kukaa darasani, wanaotembea kwa makundi na mapanga katika mitaa ya Kisauni na Majengo. Mama anayemzuia mwanawe nyumbani usiku hafanyi hivyo kwa ukali. Ana hofu, na hofu yake ina sababu.

Kabla sijamjibu, nilikumbuka kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilimkuta mwanangu mkubwa na diski ya mchezo. Niliitwaa, nikaivunja vipande viwili mbele ya wenziwe, na nikajiona baba imara. Sikumuuliza ni mchezo gani; hata jalada sikulitazama. Mchezo ulikwisha nyumbani kwangu, ila haukwisha kwake, kwani alihamia kwenye vibanda vya kuchezea gemu ambako hulipwa kwa kila mchezo na hakuna mzazi anayepita. Leo yeye naye ni baba. Ni mwaka jana tu aliponisimulia, tukiwa kwenye chai, kwamba diski ile ilikuwa ya kandanda, na tena si yake. Aliilipa kwa kujinyima chakula cha mchana cha shule mwezi mzima. Miaka yote hiyo hakuniambia, kwa sababu nilikwisha mfundisha kwamba kwangu mimi hukumu huja kabla ya swali.

Basi safari hii nilitoka barazani, nikaketi juu ya mkeka, nikawaambia vijana: "Leo nyinyi ndio walimu. Nielezeni huo mchezo ni nini, na kwa nini mwagombana." Walitazamana. Mpwa wangu alidhani namtega. Lakini kijana akiulizwa juu ya kitu anachokijua vyema, hawezi kunyamaza muda mrefu. Tuliketi hapo hadi tulipoadhiniwa Isha, na baada ya swala tukarudi tena. Niliyoyasikia nikayahakikisha baadaye kwa msaada wa mwanangu.

Mchezo wenyewe huitwa Saints Row. Ulibuniwa na studio iitwayo Volition, katika mji wa Champaign, jimbo la Illinois, huko Marekani. Ni katika aina ya michezo ambayo mchezaji hupewa mji mzima: barabara, magari, maduka, watu wanaopita. Huachiwa aende atakako na afanye atakalo. Toleo la kwanza lilitoka mwezi wa Agosti 2006, na wengi waliliona kuwa mwigo wa mchezo mwingine maarufu wa jinsi hiyo, Grand Theft Auto. Kilichokuja kuutofautisha ni utani. Kadiri matoleo yalivyoongezeka, ndivyo mzaha ulivyozidi, mpaka mwisho hapakubaki jambo ambalo halikufanyiwa mzaha.

Hapo ndipo penye kiini cha ubishi wao. Wapenzi wa mchezo huu kote duniani wamegawanyika makundi, na baraza la dada yangu lilikuwa na kila kundi mtu mmoja. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Mpwa wangu ni wa kundi la toleo la pili, lililotoka Oktoba 2008. Katika mwaka huo huo Grand Theft Auto ilikuwa imetoa toleo lake la nne, lililoelemea kwenye uzito na huzuni. Saints Row 2 ikashika njia nyingine. Mji wake wa kubuni, Stilwater, umejaa pembe za siri. Mchezaji hujiundia mtu wake atakavyo, mwanamume au mwanamke, mnene au mwembamba, na huweza kumvisha nguo juu ya nguo, hata soksi akamchagulia. Zipo kazi za kuchekesha: kujitupa mbele ya magari ili kudai fidia ya bima, au kunyunyizia majumba maji machafu ya vyoo kutoka kwenye gari la kunyonyea. Nakiri mbele yenu, wasomaji, kwamba kijana alipoigiza mtu anavyojitupa barabarani na kulia "mguu wangu!" ilhali mguu hauna hata mkwaruzo, nilicheka. Sisi wa pwani tunawajua watu wa namna hiyo bila kuhitaji mashine.

Wa pili ni wa kundi la toleo la tatu, la Novemba 2011. Humo genge limekwisha kuwa mashuhuri. Lina vinywaji vyenye nembo yake, watu huomba saini za majambazi, na hadithi huanza kwa wizi wa benki ambamo majambazi wamevaa vinyago vikubwa vya sura ya mwenzao mmoja. Baadaye wanahamishiwa mji mwingine wa kubuni, Steelport. Huyu kijana hoja yake ni moja: toleo la pili lilikuwa bado linavuta miguu miwili, mmoja kwenye kicheko na mmoja kwenye msiba, na la tatu ndilo lililoamua. Walio kinyume naye husema kwamba la tatu lilipunguza mji, likapunguza uhuru wa mavazi, na likatupa uzito wote wa hadithi.

Mdogo wao ni wa toleo la nne, la Agosti 2013. Mkuu wa genge amekuwa Rais wa Marekani. Mapema kabisa huwekewa miswada miwili mezani, achague kumaliza njaa duniani au kumaliza saratani; kisha viumbe kutoka anga za mbali huvamia, na dunia yenyewe hulipuliwa. Sehemu kubwa ya mchezo hutokea ndani ya mji wa njozi uliotengenezwa na kompyuta, ambamo mchezaji ana nguvu za ajabu. Wenziwe walimcheka. Walimwuliza: gari utaliibia nini ikiwa miguu yako yakimbia kuliko gari? Na hilo, nimeona, ndilo lalamiko la wapenzi wengi juu ya toleo hilo. Palipo na uwezo wote, hapana tena utamu wa kupata.

Lipo na toleo la pembeni la Januari 2015, ambalo humtuma mmoja wa genge Jehanamu kwenda kumkomboa mkuu wake. Walipolitaja, vijana wenyewe waliinamisha vichwa, wakakumbuka wamekaa na nani. Sikuwasukuma. Haya yao ilinitosha, na ilinionesha kwamba malezi ya mama yao hayajapotea.

Na lipo la mwisho, la Agosti 2022, lililoanza hadithi upya katika mji wa kubuni wa Santo Ileso, kusini magharibi mwa Marekani. Humo ni marafiki vijana wanaoishi nyumba moja, wana madeni ya masomo, mkuu wao amefukuzwa kazi, nao wanaamua kuanzisha genge kama mtu anavyoanzisha biashara. Katika baraza letu halikupata wakili hata mmoja. Waliopenda uzito wa toleo la pili hawakuuona, na waliopenda wazimu wa la tatu na la nne hawakuuona pia. Mshika mbili, moja humponyoka.

Sasa nitawaeleza mambo mawili katika mchezo huu yaliyonifanya niache kusikiliza kama mgeni, nisikilize kama mlezi.

La kwanza ni kipimo cha heshima. Katika matoleo mawili ya mwanzo, mchezaji hawezi kufungua kazi mpya za genge mpaka ajaze kipimo ambacho wenyewe wamekiita heshima. Hukijaza kwa kufanya vituko na uharibifu: kuendesha gari kwa hatari, kujitupa barabarani kwa fidia, kuvunja na kupiga. Niliwauliza: "Na mtu akikaa kimya, akatii taa za barabarani, akamsalimu mzee?" Walicheka sana. "Hapati kitu, Maalim." Nikawauliza tena: "Na hapa mtaani kwenu, heshima hupatikana vipi?" Safari hii hakuna aliyecheka. Mmoja wao alisema polepole kwamba hapa pia wako vijana ambao hupishwa njia kwa sababu ya panga.

Jambo la pili ni hadithi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Katika toleo la kwanza, genge hilo la Saints lilianzishwa na mtu mzima aitwaye Julius. Mtaa wao ulikuwa umebanwa na magenge matatu yaliyopigana bila kujali anayepita. Mchezaji mwenyewe huanza kama mpita njia asiye na hatia, aliyenusurika kwenye mapambano yao. Julius humwokoa na kumwambia, kwa maana yake, kwamba wao wataunda kundi la kuutakasa mtaa na kuleta amani. Mwanzo huo ni mzuri, na ni nani hataki amani katika mtaa wake? Magenge matatu yakashindwa, lakini amani haikuja. Mwisho wa toleo hilo mchezaji hulipuliwa ndani ya boti, na katika la pili huamka kutoka usingizi mzito wa miaka mitano, yuko katika hospitali ya gereza.

Kisha toleo la pili likaingia kwenye giza. Kijana mdogo wa genge, Carlos, anakamatwa na maadui, anafungwa nyuma ya gari na kuburutwa barabarani, na mkuu wake mwenyewe ndiye anayemmaliza ili asiendelee kuteseka. Kulipiza kisasi, mkuu huyo anamfungia mwanamke, mpenzi wa kiongozi wa adui, ndani ya buti ya gari, na gari hilo linawekwa uwanjani mahali ambapo kiongozi yule, bila kujua, atalipondaponda kwa gari lake kubwa mbele ya watazamaji. Mpwa wangu alipofika hapo sauti yake ilibadilika. "Hapo, Mjomba, nilizima. Nilikaa siku mbili sijaiwasha."

Yule mpenzi wa toleo la tatu akarukia: "Ndiyo maana nasema la tatu ni bora! Mchezo ni wa kucheka, si wa kukaa na huzuni. La tatu hakuna anayeamini lolote."

Nawaambia kweli, ndugu zangu, nilipoanza kusikiliza nilikuwa upande wa kijana huyu. Nilisema moyoni, afadhali mzaha mtupu, ambao kila mtu anajua ni mzaha, kuliko ukatili unaofanana na kweli. Lakini kadiri nilivyotafakari, sikuwa na hakika tena. Mzaha mtupu huondoa woga wa damu kidogo kidogo. Mtu huuawa na kicheko kinafuata, huuawa mwingine na kicheko kinafuata, mpaka kifo kinakuwa kama kengele ya kuchekea. Ule ukatili wa toleo la pili, angalau, ulimfanya mpwa wangu azime mashine. Kwa upande wa pili, siwezi kulisifu toleo ambalo mkono unaofanya unyama huo ni mkono wa mchezaji mwenyewe, na mwisho wa yote yeye ndiye anayevikwa taji. Nililetewa vyungu viwili nichague kilicho kisafi, na vyote vina masizi. Tofauti ni kwamba kimoja chaonesha masizi yake waziwazi.

Ndipo mpwa wangu akanisimulia jambo ambalo wapenzi wengi wa toleo la pili hulitaja kama sababu ya kulipenda. Ndani yake kuna kazi iliyofichwa, ambayo mchezaji haipati mpaka asikilize kanda fulani katika kituo cha polisi. Humo hugundua kwamba aliyetega bomu botini alikuwa ni yule yule Julius, mwanzilishi wao. Wanakutana katika kanisa la zamani lililokuwa makao yao ya kwanza, na Julius anakiri. Alifanya hivyo kwa kuwa aliona kundi aliloliunda kuleta amani limekuwa sawa na magenge liliyoyafukuza. Kwa maneno yake hayo, mchezaji humpiga risasi.

"Na wewe ulifanyaje?" nilimwuliza.

"Mchezo haukupi njia nyingine, Mjomba. Ukishaingia humo, lazima ufyatue."

Akanyamaza. Wenziwe nao wakanyamaza. Kisha akasema, huku akichezea ncha ya mkeka: "Ni kama yule tuliyesoma naye darasa la sita. Naye waliomchukua walimwambia wanalinda mtaa usiingiliwe na wa ng'ambo ya pili. Sasa anataka kutoka, wamemwambia hakuna kutoka." Na baada ya kitambo akaongeza, kwa sauti ambayo mamake alikuwa haisikii: "Nami wameniita mara mbili."

Wasomaji wangu, nimesoma vitabu, nimetoa darasa misikitini miaka mingi, na huyu ni damu yangu ninayemwona kila wiki. Neno hilo sikuwahi kulisikia kutoka kwake. Halikutoka kwa mawaidha yangu wala kwa maswali ya mamake. Lilitoka kwa sababu mtu mzima alikaa mkekani akamwuliza kwa nini apenda toleo la pili kuliko la tatu. Lau ningeingia na kuivunja ile mashine, lingebaki kifuani mwake, na Mungu ndiye ajuaye lingeishia wapi.

Ninaandika haya kwa idhini yake na ya mamake. Usiku ule tulizungumza watatu. Tumekubaliana akae kwangu Mji wa Kale mpaka amalize mitihani yake ya muhula, na wazee wa mtaa wameanza kuzungumza na familia ya yule mwenziwe aliyekwisha ingia. Sitadai kwamba mambo yamekwisha. Yule mwingine bado yumo, na mama yake bado halali.

Je, mchezo ndio uliozaa magenge? Siwezi kusema hivyo, na anayesema hivyo ajipumzisha. Vijana wa mapanga wengi wao hawana mashine nyumbani, na pengine hata umeme wa uhakika hawana. Kuna ukosefu wa kazi, kuna shule zilizoachwa njiani, kuna baba wasiokuwepo, kuna dawa za kulevya. Mchezo wa Illinois haukuyaleta hayo. Lakini mchezo unaompa kijana heshima kwa kuharibu, akiuchezea katika mtaa ambao panga nalo latoa heshima, unamrudishia kwa kicheko somo lile lile ambalo mtaa humpa kwa vitisho.

Niwamalizie na habari ya wenye mchezo, kwani nayo ina mazingatio. Kampuni ya kwanza iliyouchapisha, THQ, ilifilisika mwishoni mwa mwaka 2012, na mchezo ukauzwa kwenye mnada mwanzoni mwa 2013. Baadaye ukaingia mikononi mwa kampuni ya Embracer ya Uswidi. Toleo la 2022 halikufikia matarajio, na mnamo tarehe 31 Agosti 2023 studio ya Volition ikafungwa, baada ya kazi ya miaka 30 tangu mizizi yake ilipoanza mwaka 1993. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini waliopoteza kazi siku hiyo walikuwa wafanyakazi wenye watoto wa kulisha kama sisi.

Katika yote waliyonisimulia, aliyenigusa zaidi ni mtu mmoja aliyeanza kama mpenzi tu wa mchezo. Jina lake Mike Watson, naye alijulikana zaidi kwa jina la IdolNinja. Toleo la pili lilipopelekwa kwenye kompyuta lilikuwa bovu, likikwama na kwenda kwa kasi isiyo yake. Watson, pamoja na wenziwe, alijitolea bila malipo kulirekebisha na kuliongezea ili wengine walifurahie, mpaka studio yenyewe ikamwajiri. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba msimbo wa asili uliokuwa umepotea umepatikana, na kwamba yeye ataongoza kazi ya kulitengeneza upya. Alikuwa akiugua saratani. Alifariki mwaka 2021 kabla kazi haijakamilika, na wapenzi wa makundi yote, wa la pili, la tatu na la nne, walimlilia pamoja.

Niliwauliza vijana: huyu heshima yake aliipataje? Hakuvunja wala hakumpiga mtu. Alitengeneza kilichoharibika kwa ajili ya watu asiowajua. Yule mdogo akasema: "Basi kipimo chao kilikosea, Maalim." Sikuongeza neno.

Na sasa kwa kina mama, niliyomjibu dada yangu nawajibu na nyinyi.

Kwanza, tazameni jalada. Michezo hii ina alama ya umri. Saints Row imewekewa 18 katika nchi nyingi za Ulaya, na 17 kwenda juu huko Marekani. Toleo la nne lilikataliwa kabisa kupewa idhini Australia mwezi wa Juni 2013, kwa sababu ya silaha yenye mambo ya aibu na matumizi ya dawa za kulevya, mpaka lilipopunguzwa. Matoleo yote yana matusi na mambo ya aibu ambayo sitayaandika katika ukurasa unaosomwa sebuleni. Ikiwa wanaoweka alama hiyo ya umri wamesema si wa watoto, mzazi ana haki ya kusema hapana, na hahitaji hoja nyingine. Mpwa wangu ana miaka 16. Diski hiyo imeondoka. Mashine imebaki, na michezo ya mpira na ya magari imebaki nayo.

Pili, mashine isikae chumbani penye mlango wa kufunga. Iwekeni sebuleni, anapopita kila mtu.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kabla ya kuondoa, ulizeni. Muulize mwanao apenda nini ndani yake, na kwa nini hilo kuliko jingine. Msikilize mpaka amalize, hata kama masikio yanakuwasha. Ukishaondoa kwanza, hatakuambia tena. Atakwenda kwenye kibanda, na kibanda hakiulizi umri.

Dada yangu hakuiuza mashine. Juma lililopita nilimkuta ameketi na binti yake mdogo, mikono ina unga wa mahamri, akijaribu kuliendesha gari la mashindano na kuligonga ukutani kila kona. Binti alikuwa akicheka mpaka machozi yamtoka. Mpwa wangu, aliyekuja nami kumsalimu mamake, alichukua kiti, akaketi kati yao, akaanza kumfundisha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.